Miguu Tu, Siku Tatu: Panga Matembezi Yako Malindi Hadi Mida

Wasee wengi wakisikia stori ya kutembea siku kadhaa na kulala njiani, akili inaruka moja kwa moja hadi Mlima Kenya. Lakini kama uko Pwani, ama umeshuka na treni kutoka Nairobi, kuna raundi ingine tamu: fuata ufuo kutoka Malindi, lala Mayungu, lala Watamu, malizia Gede na Mida. Hakuna mlima wa kupanda. Kuna bahari, na bahari haingoji umalize kupiga selfi. Cheki hii mipango kabla mbogi haijatoka kejani.

Anza na maji, sio hoteli

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kama saa sita kutoka kujaa hadi kupwa. Kesho yake kila kitu kinachelewa kwa dakika 50 hivi. Maji yakijaa, kuna sehemu ufuo unaisha kabisa, unabaki wewe na mawe.

Kwa hivyo chagua tarehe ukiangalia mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpya ama mpevu, maji hupwa mbali sana kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Hiyo ni poa: anza kutembea saa mbili, fika kabla ya saa saba. Lakini jua kuwa maji ya bamvua yakirudi yanapanda juu kuliko siku zingine. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, asubuhi ndiyo yanajaa. Tafuta jedwali la maji la Kilindini mtandaoni, ama uliza mvuvi yeyote. Mvuvi hawezi kukosa hiyo jibu.

Msimu? Desemba hadi Machi ni kaskazi: kavu, joto kali, lakini upepo unakusukuma mgongoni ukielekea kusini. Aprili hadi Juni achana nayo, mvua ni noma.

Siku ya 1: Malindi hadi Mayungu

Anzia Nguzo ya Vasco da Gama, yule Mreno aliyefika hapa 1498. Shuka Silversands hadi Casuarina, penye ofisi ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968. KWS hawachukui pesa taslimu, ada inalipwa kupitia eCitizen, so maliza hiyo mambo ukiwa na bando. Kutoka hapo ni mchanga, mawe kiasi na mashua hadi Mayungu, kijiji cha wavuvi. Usifike kwanza ndio uanze kutafuta chumba. Piga simu wiki moja mapema.

Siku ya 2: Mayungu hadi Watamu

Hapa ndipo maji yana maana zaidi. Ukikaribia Watamu, ghuba moja na ingine zimetenganishwa na miamba, na unapita chini yake maji yakiwa yamepwa tu. Ukikuta maji tayari yanagonga mwamba, usijipe moyo eti ni hatua tatu tu. Wimbi moja likikubamiza kwenye hayo mawe, safari imeisha. Panda juu, tafuta njia ya kijijini, chukua boda. Hakuna aibu.

Kasa hutaga mayai kwenye fuo hizi. Usiku zima tochi na uwaache wafanye kazi yao.

Siku ya 3: Gede na Mida

Mguu wa asubuhi kutoka Watamu hadi magofu ya Gede, mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17 na ukaingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Ndani kuna misikiti, visima na kasri chini ya miti mikubwa. Kuelekea Mida panda matatu, barabara kuu ya Mombasa si ya kutembea. Jioni pita daraja la mbao katikati ya mikoko, ucheki ndege na jua likizama.

Una siku ya nne? Msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo tu, kilomita za mraba kama 420. Ingia na gaidi wa eneo hilo. Ndani kuna ndovu, na ndovu hawajui wewe ni mgeni.

Beba hivi

- Maji lita tatu kwa mtu, kwa chupa ya kujaza tena. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020.
- Sandals zenye kamba. Slipas zitakatikia kwenye mawe.
- Kofia, mafuta ya jua, pawabanki.
- Leso au kikoi. Ukitoka ufuoni kuingia kijijini, jifunike. Wazee wasalimie kwanza, na usipige mtu picha bila kuomba.
- Doh ndogondogo za mahamri na mbaazi, viazi karai na madafu njiani.

Mwisho, usitembee ufuoni usiku, na usiende solo. Achia mtu nyumbani ratiba yako: unalala wapi, unafika saa ngapi. Halafu punguza mwendo. Kilomita nane kwa siku zinatosha kabisa. Saa zinazobaki ni za kuogelea, kula samaki na kulala chini ya mnazi.