Kabla kilima hakijaisha

Wandugu, mu 2006 Sammy Baloji wa Lubumbashi aliwatoa wafanyakazi katika foto za ukoloni, akawabandika mbele ya mabaki ya viwanda vya Gécamines. Alibidi abandike: mutu na magofu havikukutana katika foto moja. Sisi ba Salamabila tungali na nafasi. Lensi ya 16-35 yenye f/2.8, kwenye aparei ya sensa ya milimita 36 kwa 24, inamushika muchimbaji akitoka shimoni magaribi, pamoja na kilima cha Namoya kinachochimbwa nyuma yake. Muombe ruhusa kwanza, sogea karibu, umuweke katikati (pembeni lensi pana inavuta uso), kisha andika jina lake. Foto nyingi za ukoloni ziliandika “mfanyakazi” tu.