Saladi ya Caprese: Historia ya Nyanya na Jibini Changa Kusini mwa Italia

Saladi inayojulikana nchini Italia kwa jina la caprese, yaani ya kisiwa cha Capri kilichoko karibu na ncha ya rasi ya Sorrento, huundwa kwa vitu vitano tu: nyanya mbivu, jibini changa iitwayo mozarela, majani ya mrihani, mafuta ya zeituni na chumvi. Kwa kuwa haipikwi, watu wengi huidhania kuwa chakula cha kale, ilhali ni zao la karne ya 20. Kuchelewa kwake kunaelezwa na historia ya viungo vyake viwili vikuu, ambavyo kimoja kilikawia kukubaliwa kuliwa kibichi, na kingine hakikuweza kusafiri mbali bila kuharibika.

Nyanya ilitoka Amerika, ambako wenyeji wa Meksiko walikuwa wakiilima kabla ya Wahispania kufika mwanzoni mwa karne ya 16. Mwaka 1544 tabibu Pietro Andrea Mattioli aliieleza kuwa tunda jamaa ya bilingani, ambalo hukaangwa kwa mafuta na kutiwa chumvi na pilipili manga. Tiba ya Ulaya ya enzi hiyo ilivipanga vyakula kwa joto, baridi, ukavu na unyevu, na kwa mujibu wa mpango huo nyanya, iliyohesabiwa kuwa ya baridi na yenye unyevu mwingi, ilishukiwa kudhuru mwili. Kitabu cha upishi cha Antonio Latini, kilichochapishwa Napoli kati ya 1692 na 1694, wakati mji huo ulipokuwa chini ya utawala wa Hispania, kina mchuzi wa nyanya wa mtindo wa Kihispania uliochanganywa na vitunguu, mafuta na siki. Lakini hata humo nyanya zilichomwa kwanza juu ya makaa, ishara kwamba moto ulikuwa bado sharti la kuila.

Jibini, kwa upande wake, ilikubalika mezani mapema zaidi. Bartolomeo Scappi, mpishi wa Papa Pius V, aliitaja mozarela changa katika kitabu chake cha mwaka 1570. Mozarela iliyosifika zaidi ilitokana na maziwa ya nyati wa maji, mnyama wa kufugwa mwenye asili ya Asia, asiyepaswa kuchanganywa na mbogo wa Afrika. Katika nyanda za mito Volturno na Sele, ambazo kwa karne nyingi zilikuwa vinamasi vyenye malaria, nyati huyo aliweza kustawi mahali ambapo ng'ombe alipata shida, na maziwa yake yana mafuta karibu maradufu ya yale ya ng'ombe. Maziwa hayo hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa katika tumbo la ndama, na mgando wake hukatwa na kuachwa uchachuke kwa saa kadhaa. Kisha humwagiwa maji yanayokaribia kuchemka, na fundi huuvuta na kuukunja mpaka unyumbuke, ndipo anapokata vitonge kwa kuvibana baina ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kitonge hicho hubaki na maji mengi ndani yake, na kwa sababu hiyo huanza kupoteza ubora baada ya siku chache, jambo lililowafanya mafundi wa zamani waikaushe kwa moshi jibini iliyokusudiwa masoko ya mbali.

Mambo yalibadilika pale reli, barabara na barafu zilipofupisha safari kati ya zizi na meza, na pale ukaushaji wa vinamasi, uliopewa nguvu mpya na sheria ya mwaka 1928, ulipofungua nyanda hizo. Wakati huohuo Capri, iliyovuta wageni wa Ulaya tangu habari za Pango la Buluu zilipoenea baada ya 1826, ilikuwa imejaa hoteli zilizohitaji mlo mwepesi wa mchana wa kiangazi. Masimulizi humhusisha na saladi hii Mfalme Farouk wa Misri, aliyepinduliwa mwaka 1952 akakimbilia Italia. Hata yakitiliwa shaka, yanadokeza kwamba umaarufu wa saladi hiyo ulijengwa na wageni matajiri zaidi kuliko na wavuvi wa kisiwa hicho. Rangi zake za kijani, nyeupe na nyekundu, ambazo ni za bendera ya Italia, zilirahisisha kuitangaza kuwa chakula cha taifa.

Kanuni za kuiandaa zinatokana moja kwa moja na historia hiyo. Nyanya hukatwa vipande vya duara na kutiwa chumvi, jibini iliyoondolewa ubaridi hupangwa katikati yake, mrihani huchanwa kwa mkono, na mafuta humiminwa mwishoni. Siki huepukwa kwa kuwa hufunika ladha ya maziwa. Jumuiya ya Ulaya ililinda jina la mozarela ya nyati ya Campania mwaka 1996, na mozarela ya maziwa ya ng'ombe nayo inakubalika sana. Hata hivyo, nyanya iliyochumwa mbichi au jibini iliyokaa safarini haina mchuzi wa kuisitiri, na ndiyo maana saladi hii, ingawa imeenea duniani kote, hutengenezeka vizuri zaidi pale ambapo shamba na zizi viko karibu.