Miti saba ya Kamukunji

Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara ulitoka jumba la KICC katikati ya Nairobi ukateremka hadi uwanja wa Kamukunji, mlangoni mwa Eastlands. Walioandaa shughuli hiyo walikuwa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Walipanda miche saba, kila mmoja kwa heshima ya mtu wa kale: Wangu wa Makeri, Waiyaki wa Hinga, Mekatilili wa Menza, Masaku Ngei, Nabongo Mumia, ole Lenana na Madam Ahoya. Walichaguliwa kutoka jamii mbalimbali ili mtu asije akasema miti ni ya kabila fulani.

Kamukunji ilikuwa imezoea mambo mengine. Wanasiasa walihutubia hapo kabla ya Uhuru, na wapenda demokrasia wangefukuzwa hapo kwa virungu na vitoa machozi Saba Saba ya 1990. Miche ya kina mama haikuwa na kishindo cha namna hiyo, na mingi haikudumu. Lakini harakati iliyokuja kujulikana kama Green Belt Movement huhesabu umri wake tangu siku hiyo.

Mwenye wazo alikuwa Wangari Maathai, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyepata shahada ya uzamifu mwaka 1971, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Nyumbani alikuwa mama wa watoto watatu, na mumewe, Mwangi Mathai, alikuwa mbunge wa Lang'ata. Huyo mume ndiye chanzo cha miti, ingawa hakukusudia. Katika kampeni za 1974 aliwaahidi wapiga kura maskini kwamba watapata kazi. Alishinda. Wangari anasimulia katika kitabu chake cha kumbukumbu, Unbowed, kilichotoka 2006, kwamba alipomkumbusha ahadi hiyo, mume hakuona neno: kampeni zimekwisha, nani atakumbuka? Mke alikumbuka. Akaanzisha kampuni ndogo, Envirocare, ili watu wale wapate kibarua cha kutunza bustani na kupanda miti, na kitalu chake kikawa katika msitu wa Karura. Biashara haikusimama, pesa zikaisha. Wazo alilihamishia kwa Baraza la Wanawake, akawa analifanyia kazi kwa kujitolea, mshahara wake ukiendelea kutoka chuoni.

Fungua ukurasa wa matangazo ya vifo katika gazeti lolote la Nairobi. Mwanamke hutajwa kwanza kuwa mke wa fulani na mama wa fulani na fulani, na kazi aliyowafanyia majirani, kama imetajwa, hufungiwa mkiani pamoja na jina la kanisa. Kwa Wangari mpangilio huo unavurugika. Alianza kuwahudumia watu kwa kulinda neno la mumewe. Na mume huyo akamwacha mwaka uleule wa 1977, talaka ikafuata 1979 katika kesi iliyoandikwa sana magazetini. Baadaye alipomsema jaji wa kesi hiyo katika mahojiano na jarida la Viva, alihukumiwa miezi sita jela kwa kuidharau mahakama, akatoka baada ya siku tatu. Watoto walikuwa bado wadogo.

Miti iliendelea. Maafisa wa misitu walishangaa mwanamke asiye na cheti atawezaje kuotesha miche, naye akawaambia kina mama watumie ujuzi uleule wanaopandia mahindi na maharagwe. Kila mche ulioshika ulilipiwa senti chache tu. Kufikia 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti ilikuwa imepita milioni 30. Katikati ya hayo, Februari 1992, alikaa Uhuru Park na akina mama wazee waliogoma kula wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Polisi waliwavamia, yeye akapigwa hadi akapoteza fahamu.

Alifariki Septemba 25, 2011, kwa saratani. Alikuwa ameagiza asizikwe katika jeneza la mbao, kwa hiyo jeneza lake likasukwa kwa magugumaji, mafunjo na mianzi. Oktoba 8 serikali ilimuaga Uhuru Park, kisha mwili ukapelekwa tanuri la Kariokor. Kwa Wakenya wengi Waafrika, kuchoma maiti ni mambo ya Wahindu, na minong'ono haikukosekana. Lakini Kariokor si mbali na Kamukunji, hata kwa miguu. Mwanamke aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, alianzia harakati yake Eastlands, na huko huko ndiko mwili wake ulikochomwa.

Barabara ya Forest, inayopita Ngara kwenda Pangani, sasa ina jina lake. Huko Eastlands, mitaa ya Ofafa na Mbotela imebeba majina ya madiwani wawili waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, na ni vizuri wakumbukwe. Ila ningekuwa diwani wa Kamukunji leo, ningepanda upya kila mti uliokufa na kuweka jina chini ya kila mmoja, nikianza na Madam Ahoya, ambaye naamini wasomaji wengi wamelisoma jina lake hapa kwa mara ya kwanza.