Mwendo wa Kisu Kikatacho Chuma

Chuma kikikerezwa kwa mashine, huzunguka, na kisu cha pua kilichofungwa imara hukiambua. Mwendo ukizidi, kisu hushika moto, makali huisha, na fundi husimama kunoa. Mwendo ukipungua, kisu chadumu, lakini jua latua na kazi haijaisha. Basi mwendo upi ufaao? Zamani kila fundi alijibu kwa jicho na mkono wake.

Mwaka 1880 Frederick Taylor, msimamizi katika kiwanda cha pua cha Midvale, mjini Philadelphia, Marekani, aliyekuwa akigombana na watu wake juu ya kiasi cha kazi ya siku, aliomba ruhusa ya kulijaribu jambo hili. Alidhani miezi 6 ingetosha. Ikawa miaka 26, na ratli zaidi ya 800,000 za chuma ziliambuliwa. Kipimo chake kilikuwa cha ajabu: alitafuta mwendo uharibuo kisu kwa dakika 20 kamili. Akaona pia kwamba maji mengi yakimiminwa pale pale chuma kiambuliwapo, mwendo huweza kuongezwa 30 mpaka 40 katika kila 100. Maji tu!

Kisha, huko Bethlehem, Pennsylvania, tangu 1898, yeye na Maunsel White waliijaribu pua iliyochanganywa na tungsteni na kromi. Mafundi waliamini kwamba pua ikipashwa moto kupita kiasi hufa. Ni kweli, hufa. Lakini hawa wawili walizidi kuipasha hata karibu ya kuyeyuka, nayo ikawa bora kuliko mwanzo, ikakata hata ncha yake ilipokuwa nyekundu kwa moto. Visu hivyo vilionyeshwa Paris mwaka 1900.

Carl Barth, mzaliwa wa Norwei, alikusanya mambo 12 yaamuayo mwendo, kama ugumu wa chuma, kina cha mkato na umbo la kisu, akayatia yote katika rula ya hesabu yenye ulimi uterezao. Jibu lilipatikana kabla ya nusu dakika.

Hapo ndipo ugomvi ulipokua, maana ujuzi wa mkono wa fundi ulihamia mezani kwa karani, na fundi akapewa karatasi ya kufuata. Barth aliuingiza utaratibu huo katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, karibu na Boston. Mwezi wa Agosti 1911, msubu mmoja wa kiwanda hicho alikataa kazi yake kupimwa kwa saa, akafukuzwa. Wasubu wenzake wakatoka pamoja naye. Bunge likachunguza, likamhoji Taylor mwenyewe, na mwaka 1915 likakataza saa hizo katika viwanda vya jeshi. Visu vya pua mpya na rula ya Barth havikuguswa na katazo hilo.