Eiffel (jina la ukoo)

Eiffel ni jina la ukoo la Kifaransa, adimu sana, lenye asili ya Ujerumani. Limetokana na Eifel, eneo la milima na misitu magharibi mwa nchi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 18, mtu wa ukoo wa Bönickhausen kutoka Marmagen alihamia Paris. Kwa kuwa Wafaransa walipata shida kulitamka jina lake, alijiongezea jina la milima ya kwao. Kwa vizazi kadhaa majina hayo mawili yalitumika pamoja. Mhandisi Gustave Eiffel, aliyezaliwa Dijon tarehe 15 Desemba 1832, aliandikishwa kama Bonickhausen aitwaye Eiffel. Mwaka 1880 Eiffel likawa jina lake pekee kisheria, miaka 9 kabla ya kufunguliwa kwa mnara wa Paris uliolieneza duniani kote.

Siku hizi jina hilo hukutwa zaidi kwenye mnara, mitaa na shule kuliko kwa watu. Sheria ya Ufaransa humruhusu mtu kuomba kutumia jina la jamaa yake, hadi daraja la nne la udugu, ili lisitoweke.