Mazimwi ambayo mwendesha mchezo wa mezani bora ayaache, hasa kama uko Mbeya au Iringa

Leo tuongelee kitu ambacho washkaji wanaoanza kucheza Dungeons & Dragons huwa wananiuliza kila tukikutana: zimwi gani nitumie, na zimwi gani niachane nalo? Ukitafuta kwenye intaneti utapata orodha kibao, ila karibu zote zimeandikwa na watu wa Marekani na Uingereza kwa ajili ya meza za kwao. Nikaona isiwe tabu, niandike ya kwetu, mtu aiprinti akae nayo.

MCHEZO WENYEWE KWA KIFUPI

Kwa ambao hawaujui, huu sio mchezo wa kompyuta. Mnakaa watu wanne au watano mezani. Mmoja ndiye mwendesha mchezo: anasimulia nchi mliyopo, anaigiza maadui, wenye maduka na wapita njia. Wengine kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, anasema mhusika anafanya nini. Jambo lenye bahati ndani yake linaamuliwa kwa dadu, hasa ile ya pande 20. Walioutoa ni Gary Gygax na Dave Arneson, Marekani, mwaka 1974. Tangu 2023 kanuni za msingi zimewekwa bure kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo ukiwa kafe unashusha PDF bila wizi wowote.

Dadu ya pande 20 mimi sijawahi kuiona dukani Mwanjelwa. Sisi tunakata vikaratasi 20, tunaandika namba, tunachanganya kwenye kofia. Ukishachota rudisha, la sivyo bahati haiwi sawa.

A: YANAYOKIMBIWA KWA SABABU YA KANUNI

Haya ndiyo utayakuta kwenye orodha za wenzetu. Nayapitia haraka.

1. Rust Monster. Mdudu mkubwa mwenye papasi ndefu, akigusa chuma kinageuka kutu. Inasemwa na Gygax mwenyewe kwamba umbo lake lilitokana na midoli ya plastiki ya bei rahisi. Tatizo ni kwamba mchezaji amehangaika wiki tatu kupata upanga, wewe unauondoa kwa dakika moja. Watu wananuna kweli.

2. Wafu wanaonyonya levo. Kwenye kanuni za zamani, mzuka kama Wight au Vampire akikugusa unapoteza levo nzima uliyoifanyia kazi. Wachezaji walilalamika miaka nenda rudi, na kwenye kanuni za 2014 jambo hilo halimo, sasa anapunguza tu kiwango cha juu cha uhai.

3. Shadow. Kivuli kinachonyonya nguvu za mwili. Kwenye kanuni za 2014 nguvu zikifika sifuri umekufa, hata kama uhai ulikuwa bado mwingi. Kinaonekana kidogo kwenye kitabu, kumbe kikundi kizima kinaweza kuishia hapo.

4. Intellect Devourer. Ubongo wenye miguu minne unaokula akili ya mtu na kuingia kichwani mwake. Kitabu cha 2014 kinaliweka kwenye daraja la pili tu, ila mhusika wa levo ya chini anaweza kupotea kwa dadu mbili mbaya.

Sasa angalia hayo yote manne. Ukikosea, hasara ni karatasi. Unachukua kalamu, unaandika mhusika mwingine, maisha yanaendelea. Ndiyo maana mimi nasema orodha hizo ni nzuri lakini kwetu hazitoshi.

B: YANAYOTAKIWA KUKIMBIWA HUKU KWETU

1. Msukule. Hapa naanza na kosa langu. Zombie ni kati ya mazimwi mepesi kwenye kitabu, kila anayeanza anapewa alipige. Mimi nikiendesha mchezo Mbeya nikasema nilitie ladha ya nyumbani. Nikawaambia jamaa mmefika kijijini usiku, mnaona watu wanalima shamba gizani, hawaongei, mmoja ni mtu mliyemzika mwaka jana. Watatu wakashangilia. Wa nne akakaa kimya, akakunja karatasi yake, akaaga. Baadaye ndo naambiwa kwao walifiwa na dada, na ndugu wanasema hadi leo kwamba hakufa, kachukuliwa. Kuna shangazi aliyehama mtaa kwa sababu hiyo.

Sibishani hapa kama misukule ipo au haipo, kila mtu na imani yake. Ninachosema ni kwamba Zombie wa kitabuni hana ndugu, ila msukule siku zote ana ndugu, na siku zote kuna jirani anayetajwa kuwa ndiye aliyemchukua.

2. Hag, yaani bibi kizee mchawi. Kitabu kinaye wa aina nyingi, wote ni vikongwe wenye sura mbaya wanaokula watu. Tanzania bibi vizee wameuawa kweli kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yamekuwa mekundu, na macho hayo ni ya moshi wa kuni. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeonyesha vifo vya namna hii kwa mamia katika baadhi ya miaka. Tuna Sheria ya Uchawi tangu 1928, na kumtuhumu mtu uchawi ovyo ni kosa ndani ya sheria hiyo. Hata wazungu walipita huko: Salem, Marekani, mwaka 1692 walinyongwa watu 19. Tofauti ni kwamba kwao ni historia ya miaka zaidi ya 300, kwetu ni habari za redioni.

3. Mnyonya damu, chinjachinja, mumiani. Huyu anafanana sana na Vampire, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Lakini Vampire wa kitabu anakaa kwenye kasri. Wa kwetu anakuja na gari, ni mgeni, ana vifaa asivyovielewa mtu. Oktoba 2016 watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na gari lao kuchomwa moto wakiwa kwenye kazi ya sampuli za udongo. Wanakijiji waliwadhania wanyonya damu. Kijiji kinaitwa Iringa Mvumi, ila msichanganye, kipo wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, sio Iringa hii yetu.

4. Mchuna ngozi na yeyote anayetafuta viungo vya watu. Mbeya ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa na hofu hii, na haikuwa hadithi, maiti zilikutwa. Njombe, ambayo hadi 2012 ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa, watoto waliuawa na habari zikasambaa Januari 2019. Mezani kwako anaweza kuwa amekaa mtu aliyesindikizwa shule na baba yake kipindi hicho.

Na hapa naongezea: mtu mwenye ualbino asiwe zimwi, asiwe mzuka, asiwe na damu ya kichawi wala ya bahati. Hadithi za nje zinapenda kumfanya mtu mbaya, mfano yule muuaji kwenye The Da Vinci Code ya 2003. Kwetu watu wamekatwa viungo kwa sababu ya uongo wa namna hiyo hiyo, hadi serikali ikapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015.

5. Popobawa. Yule wa Pemba na Unguja, alitikisa sana 1995, na 2007 habari zake zikafika hadi Dar. Watu walikuwa wanalala nje kwa makundi. Hadithi yake ni ya ubakaji. Mezani kuna wasichana na wavulana, hujui nani amepitia nini. Acha.

6. Mzimu wa mtu wa kweli. Nilitamani sana kumleta Mkwawa kama mzuka asiye na kichwa. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, lipo Kalenga, na ukoo wake upo. Ukicheza Iringa, mjukuu anaweza kuwa ndiye anayechota vikaratasi.

C: SASA TUTUMIE NINI?

Kipimo changu ni swali moja: mchezo ukiisha, kuna mtu mtaani anayeweza kunyooshewa kidole kwa sababu ya zimwi hili? Kama yupo, liache. Kama hayupo, lete hata kama linatisha kuliko yote.

Na yapo mengi. Joka la ziwani, weka kwenye Ziwa Ngozi kule milima ya Poroto, maji ya kreta, msitu mnene pande zote, ramani umeshapewa bure. Jiwe la Gangilonga pale Iringa, jina lenyewe maana yake ni jiwe linaloongea, unaweza kulifanya litoe mafumbo. Zimwi la ngano za bibi, lile linalomeza kijiji kizima mpaka mtu alipasue tumbo watoke wote wazima. Hata Rust Monster, mlete, ila mpe mchezaji nafasi ya kuukimbiza upanga wake.

Kabla ya kuanza kampeni mpya, mpe kila mtu kikaratasi aandike bila jina kitu asichotaka kukikuta mchezoni. Halafu weka katikati ya meza kadi yenye alama ya X. Mbinu hii ni ya jamaa mmoja Mmarekani, John Stavropoulos: mtu akiigusa, tukio linarukwa, hakuna kuulizana kwa nini.

Najua kuna atakayesema nimekuwa mlokole, mchezo ni mchezo tu. Sawa. Mimi nilimfuata yule mshkaji nikamuomba radhi, ikachukua muda, sasa amerudi mezani. Tunapigana na joka la Ngozi, na yeye ndiye mwenye mkuki.

Wa Iringa, Makambako, Tukuyu na kwingineko, kama una zimwi la kwenu linalofaa, au ambalo nimelisahau kwenye orodha ya kuacha, liweke hapo chini kwenye maoni. Majina ya majirani usiweke.