Somo la Mwanza kwa Vyuo vya Afya

Lamadi, wilayani Busega, imekaa kati ya Ziwa Victoria na Serengeti, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Kabla mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012, upande huu wa Busega ulikuwa sehemu ya wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Ni katika mkoa huo ambapo, kuanzia 1991, watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, wakapewa dawa na usimamizi wa karibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: katika jamii zilizopata huduma hiyo, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Dawa zilikuwa na sehemu yake, lakini dawa haimfikii mtu anayeogopa kusema kinachomsumbua. Ndiyo maana naamini mafunzo ya tabibu huanza na namna anavyomtazama aliye mbele yake, na mtazamo huo hujengwa darasani, kwa kuona jinsi mkufunzi anavyomtendea mwanafunzi aliye tofauti na wenzake.

Wanafunzi wanaowapenda watu wa jinsia yao wamo katika vyuo vya afya kama walivyo kwingine, ila wamejificha. Mkufunzi anayewafanyia dhihaka mbele ya darasa humwumiza mmoja na kuwafundisha wote waliobaki kumdhihaki mgonjwa. Nakubali kwamba pingamizi la sheria ni zito: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi maisha kwa kujamiiana kinyume cha maumbile. Hata hivyo kifungu hicho kinaadhibu tendo. Hakikiamuru chuo kumfukuza mtu kwa hisia zake, wala mshauri wa wanafunzi kutoa siri aliyoambiwa. Tena maneno yake ya “kinyume cha maumbile” hayakutoka kwa wazee wa Kisukuma. Waingereza waliyaleta, baada ya kuyaandika katika sheria waliyoitungia India mwaka 1860.

Wapo watakaosema kwamba dini na malezi yetu hayaruhusu. Mwenye imani abaki na imani yake. Kinachodaiwa hapa ni wajibu wa kazi. Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari cha mwaka 1948, tangu 1994 linataja wazi kwamba mwelekeo wa kijinsia usimzuie daktari kutimiza wajibu wake kwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani nalo liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa mwaka 1990, hivyo mkufunzi anayeyaita maradhi anafundisha kosa la kitaaluma. Februari 2017 Wizara ya Afya ilipovizuia vituo 40 kutoa huduma za VVU kwa makundi maalumu, wakiwemo wanaume wapenda jinsia yao, wahitaji walibaki kutegemea zahanati za kawaida, na aliyewapokea huko ni yule yule aliyekuwa amekaa darasani akisikiliza dhihaka.